Sauti ya Bibi isikae sehemu moja

Jamani, tuongee kuhusu kitu ambacho kila mtu anakiahirisha: bekapu. Najua, neno lenyewe linachosha. Lakini niambie, sauti ya bibi yako iko wapi sasa hivi?

Ya bibi yangu iko kwenye mafaili 14. Nilimrekodi nyumbani kwetu Al-Baghdadiyah, Jeddah, akisimulia Mombasa ya ujana wake, nani kamwoa nani, na yale maneno ambayo mimi na ndugu zangu tunayaelewa ila hatuyatumii, maana shuleni tulisoma Kiarabu na kazini tunaongea Kiingereza. Bibi ameshafariki. Iqama ikipotea, kuna ofisi inatoa nyingine. Kwa mafaili haya hakuna ofisi.

Sisi wa Jeddah tunajua vitu vinavyopotea. Tarehe 25 Novemba 2009 ilinyesha mvua ya saa chache tu. Zaidi ya watu 100 walikufa, na nyumba nyingi upande wa mashariki zikajaa maji. Januari 2011 mafuriko yakarudi. Kuanzia mwishoni mwa 2021 mitaa mizima ikabomolewa, familia zikahama haraka haraka. Na kwenye kuhama ndipo boksi moja hupotea.

Si maji na tingatinga peke yake. Tarehe 15 Agosti 2012, mwezi wa Ramadhani, kirusi kiitwacho Shamoon kiliingia Saudi Aramco kikafuta data za kompyuta karibu 30,000. Lakini uchimbaji wa mafuta haukusimama, kwa sababu mitambo yake ilikuwa kwenye mtandao wa peke yake, mbali na ule wa maofisini. Kilichotengwa ndicho kilichopona.

Kwa hiyo ile diski iliyochomekwa kwenye laptopu mchana na usiku, usiihesabu sana. Kirusi cha kufunga mafaili na kudai pesa kitaifunga nayo vilevile.

Kanuni inaitwa 3-2-1: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja iwe mbali. Yangu ya kwanza iko kwenye laptopu. Ya pili iko kwenye diski ninayoichomeka Ijumaa baada ya swala; nikimaliza naichomoa, inaingia kabatini. Usiiache kwenye gari, joto la Jeddah unalijua. Ya tatu nilitaka kuiweka mtandaoni, lakini mamangu akakataa.

"Mwanangu, mambo ya nyumbani hayaanikwi."

Na ana haki. Kwenye faili la sita Bibi anataja talaka ambayo watoto wa wenyewe hawaijui. Hapo unalinda sauti, na pia unalinda heshima za watu.

Tukapatana hivi: nakala ya tatu iko kwenye flashi, Mombasa kwa shangazi, imefungwa kwa nywila. Nywila ni maneno manne ya Kiswahili cha Bibi (hapana, siyaandiki hapa). Mama anayo kwenye karatasi, shangazi anayo kichwani. Nafasi si tatizo: MP3 ya kawaida, ya kilobiti 128, saa moja inachukua kama megabaiti 58. Flashi ya gigabaiti 32 inabeba zaidi ya saa 500. Maongezi yote ya Bibi hayafiki hata saa kumi.

Siku zote tunalalamika kwamba familia zetu zimetawanyika, huyu Jeddah, yule Muscat, mwingine London. Kwa kazi hii, mwenzangu, ni bahati. Mafuriko ya Jeddah hayafiki Mombasa.

Mengine ni madogo lakini yafanye. Kompyuta ikiomba kusasishwa, ikubalie: kirusi cha WannaCry cha Mei 2017 kiliwakamata wengi ambao dawa yake ilishatolewa tangu Machi. Na mtu akipiga simu akijifanya wa benki au wa Absher, anataka namba iliyoingia kwa SMS, kata. Waambie na wazazi, tena kwa Kiswahili, waelewe vizuri.

Halafu jaribu nakala zako. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni matumaini tu. Kila miezi sita nampigia shangazi, namwomba achomeke flashi, afungue faili lolote, aniambie kama linacheza. Hata hajibu upesi. Hulisikiliza lote mpaka mwisho.