Tata Raphaël: uwanja na paa la siku moja



Kutoka kwetu Yahuma hadi Kinshasa ni pikipiki mpaka mtoni, kisha masua kupita Bumba, Lisala na Mbandaka. Tulipofika, tuliomba kwanza tuoneshwe uwanja wa Tata Raphaël, katika komini ya Kalamu.

Jina ni la padre Mbelgiji, Raphaël de la Kethulle, aliyewapenda vijana na michezo. Hapo ndipo Muhammad Ali alipomshinda George Foreman, tarehe 30 Oktoba 1974, uwanja ukiitwa 20 Mai. Ulingo uliwekwa katikati ya nyasi, na juu yake likasimamishwa paa, kwa kuwa ni majira ya mvua. Walipigana alfajiri ili Wamarekani watazame kwa saa zao za usiku. Baada ya pambano mvua kubwa ikanyesha. Waliopanga walikuwa wameitazama mbingu mapema.

Mwaka 2023 jiji lilipokea mzigo mwingine: Michezo ya Francophonie, tarehe 28 Julai hadi 6 Agosti. Kwanza ilikuwa ya Kanada, mwaka 2021. Gharama zilipopanda kupita makadirio, wenyeji wale wakajitoa mwaka 2019. Kinshasa ikakubali, tarehe zikasogezwa, na kumbi mpya za michezo zikajengwa hapa Tata Raphaël. Mpira wa kikapu wa michezo hiyo ni wa wanawake, nasi tulifurahi kusikia hivyo.

Kuna njia nyingine pia. Kwa Kombe la Dunia la 2022, Qatar ilijenga uwanja 974 kwa makontena 974 ya meli na vyuma vya kufunguka, ili baadaye uvunjwe.

Dada zetu, kujenga cha muda si jambo geni kwetu. Kibanda cha matanga au cha harusi tunakisimamisha kwa miti na matawi ya mchikichi, kikaisha kazi, kuni zikaenda jikoni. Kabla ya kukata mti, tunajua wageni ni wangapi na nani atapika lituma.

Basi tukitaka mashindano ya mabinti wa shule zetu, tuanze hivyo hivyo. Watoto watakaa wapi jua likiwaka? Maji yatatoka wapi? Choo cha wasichana kitakuwa wapi, na kina mlango? Mgonjwa atatolewa kwa njia gani? Mbao zitakwenda kwa nani baadaye: madawati ya shule, au zioze? Na pesa ya likelemba isiguswe kabla hesabu haijasomwa mbele ya wote.

Uwanja unaweza kuvunjwa kesho yake. Deni halivunjwi, hubaki nyumbani na watoto.

Kila kikundi kilete majibu yake kwenye kikao kijacho.