Tulivyoacha Kuwangoja Madaktari wa Macho

Zamani, huduma ya macho katika kituo chetu cha afya, kando ya barabara kuu mkoani Iringa, ilifuata kalenda ya wageni. Mara moja kwa mwaka walikuja madaktari na wauguzi wa kujitolea kutoka Minnesota, Marekani, nasi tulitangaza makanisani, misikitini na minadani kwamba wenye mtoto wa jicho wajitokeze. Mimi nilikuwa muuguzi na mkalimani wao.

Mwaka 2010 walipanga kuja Aprili. Tarehe 14 volkano ya Eyjafjallajökull huko Iceland ikatema majivu, na kuanzia kesho yake anga ya sehemu kubwa ya Ulaya ikafungwa kwa takriban siku sita. Majivu hayo yakiingia kwenye injini ya ndege huyeyuka na yanaweza kuizima. Wageni wetu wakakwama Amsterdam, wakalala kwenye vitanda vya kukunja uwanjani Schiphol. Nairobi maua na mboga za kupelekwa Ulaya ziliharibika, na redio zilieleza hasara hiyo kwa kirefu. Wazee wetu hakuna aliyewataja.

Nao walikuwa wameshafika. Walitoka vijiji vya Kilolo wakishikwa mkono na wajukuu, wamebeba unga na maharage ya siku chache. Tuliwalaza ukumbini. Kila asubuhi niliingia kuwaambia kwamba bado. Bibi mmoja aliniuliza huo mlima unaotema majivu uko wapi. Nilipomweleza, alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, mlima wa huko unizuie mimi nisione? Kwani hapa kwenu hakuna anayeijua kazi hiyo?"

Nikamwambia, "Hakuna, bibi." Jibu hilo liliniuma, na bado linaniuma.

Unga ulipopungua, baadhi yao waliondoka. Shamba halingoji mtu.

Anga ilipofunguliwa, wageni walitua Dar es Salaam bila sanduku la lenzi za kupandikiza. Wakaanza safari ya gari: Chalinze, Morogoro, hifadhi ya Mikumi ambako dereva lazima apunguze mwendo kwa ajili ya wanyama, hadi Ruaha Mbuyuni penye vitunguu. Mlima Kitonga ukawagomea. Roli lilikuwa limeharibika kwenye kona, matawi ya miti yamelazwa barabarani kuonya madereva wengine, na foleni imeshuka hadi chini ya mlima. Walifika usiku wa manane, miguu imevimba. Asubuhi saa mbili walikuwa wameshanawa mikono, wako kazini. Sitakubali mtu awaseme vibaya watu wale. Lakini walikuwa na lenzi chache tu walizobeba mkononi, na sanduku lilifika wakati wao wanafunga mizigo.

Usiku wa kuagana, kiongozi wao alisema mwaka unaofuata waongeze siku. Mganga wetu mfawidhi akamwomba jambo jingine: sehemu ya fedha za nauli imsomeshe mmoja wetu. Hospitali ya KCMC, Moshi, kwa miaka mingi ilikuwa ikiwafundisha madaktari wasaidizi upasuaji wa mtoto wa jicho. Hawakukubali papo hapo, ila walikubali. Kijana wetu akaenda, akarudi, na upasuaji uliokuwa wa msimu ukawa wa kila wiki.

Lenzi nazo zilikuwa zimeshuka bei, hasa tangu kiwanda cha Aurolab huko Madurai, India, kilipoanza kuzitengeneza mwaka 1992. Tukaanza kuagiza wenyewe. Wageni wakaendelea kuja, wachache zaidi, wakikaa na daktari wetu kwenye darubini katika kesi ngumu na kumfundisha fundi wetu kuitengeneza.

Mwaka 2020 korona ilisimamisha ndege, hawakuja kabisa. Hatukumrudisha mzee yeyote nyumbani kwa sababu hiyo.

Ila daktari huyo ni mmoja. Akienda likizo, chumba cha upasuaji kinafungwa na wazee wanangoja tena, safari hii wanamngoja mtu wa hapahapa. Nimeshaandika barua kuomba wa pili asomeshwe, na safari hii sikuwaandikia wageni. Nimeiandikia halmashauri yetu.