Nguzo ya Nyuma

Nyumba yangu ya kwanza hapa Maramba ilikuwa ya miti na udongo. Mvua za masika ziliponyesha, nguzo ya nyuma ilititia, na mlango wa mbele ukakataa kufunga. Fundi hakuugusa mlango, alikwenda nyuma.

Nilikumbuka hayo niliposoma habari za G6PD, kimeng'enya kinachozilinda chembe nyekundu za damu. Ni mnyororo wa asidi-amino 515. Katika aina ya upungufu iliyoenea Afrika, mbili tu zimebadilika, ya 68 na ya 126. Hazipo pale kazi inapofanyika, lakini zikibadilika pamoja umbo zima hulegea, na kimeng'enya huharibika mapema. Mwenye upungufu huo akimeza primakwini au dapsoni, chembe zake zaweza kupasuka na mkojo kuwa mweusi.

Nilipokuwa mwalimu mkuu, mvulana mmoja alikojoa hivyo baada ya kumeza vidonge vya malaria. Macho yalikuwa ya manjano, naye hakuweza kunyanyua jembe. Nilimwita mvivu mbele ya wenziwe. Sikuuliza ni vidonge gani. Nilitazama mlango, sikwenda nyuma.