Sehemu ya 7: Hisa za wenye M-Pesa, ninunue?

Mama mmoja wa Sirari kaniuliza inbox: "Nesi, ninunue hisa za Visa?" Mwenzangu, hizo zinauzwa soko la New York. Huku Tarime na Mugumu kadi yetu ni simu, tuongelee ya karibu: Vodacom, wenye M-Pesa.

Mwaka 2017 waliuza hisa kwa umma, moja shilingi 850. Tuliona makato hayaishi, tukajua na faida haitaisha. Wapi! 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zikafungwa, na mwaka wa hesabu ulioishia Machi 2021 kampuni ikatangaza hasara. Julai hiyohiyo 2021 zikaja tozo za miamala, mnazikumbuka (nani hakurudi kumpa konda wa basi hela apeleke?). Bei ya hisa ikakaa chini ya ile 850.

Sasa mimi nipo wodi ya wazazi. Uchungu ukigeuka upasuaji saa nane usiku, soko la hisa Dar limefungwa, na hata kukicha lazima apatikane mnunuzi ndipo upate hela. Kwa hiyo mwenye mimba au kichanga, bado. Hela ya kujifungua ikae kwenye simu au kibubu. Ila ukiwa na laki moja ambayo hutaigusa miaka mitano, haya, nunua, tena kwa dalali wa hisa mwenye leseni, sio mtu wa WhatsApp.

Kesho, homa ya mtoto usiku. Leteni maswali.