Safari ya Tanga Mpaka Kua

Sisi tukaao Sombetini, pembeni mwa mji wa Arusha, tu watu wa mlima. Kila asubuhi tukifungua mlango twautazama Meru, nao una kimo cha mita 4,566. Ukijifunika mawingu twajua mvua i karibu. Habari za bahari twalikuwa tukizijua kwa vitabu tu, na kwa nazi tuzinunuazo sokoni Mbauda. Basi tulipotimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa yetu, tulipatana kwamba shule zikifungwa mwezi wa Desemba tutakwenda kuviona visiwa vya Mafia, tena tutasafiri kwa chombo cha tanga kama desturi ya watu wa pwani, tupate utulivu siku chache.

Lakini imetupasa kusema kweli tangu mwanzo. Nyumbani tulikuwa tumeacha ugomvi. Kati ya kiwanja chetu na cha jirani pana mfereji wa maji ya mvua. Miaka minne iliyopita jirani alijenga ukuta, na masika yalipofika maji yakaingia jikoni mwetu. Sisi nasi tukapanga mawe upande wetu. Maji yakamrudia yeye, yakamharibia magunia mawili ya mahindi. Tangu siku ile hatukuamkiana naye. Moyoni tulisema, Amelipwa, basi. Twafundisha watoto wa watu adabu, na mlango wa pili tulikuwa hatuujui.

Tukaondoka Arusha kwa basi mpaka Dar es Salaam, na kesho yake tukaenda Nyamisati, bandari ndogo karibu na delta ya mto Rufiji. Hapo tukapanda chombo, tukavuka mlango wa bahari mpaka Kilindoni, mji mkubwa wa kisiwa cha Mafia. Kutoka Kilindoni tukachukuliwa kwa gari mpaka kijiji cha Utende, upande wa mashariki, njia nzima tukipita katikati ya minazi. Pale Utende pana ghuba iitwayo Ghuba ya Chole, na ng'ambo yake visiwa vidogo vya Chole na Juani. Maji yale yote yamo katika Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, nayo ni ya kwanza ya namna yake katika Tanzania.

Tulimpata nahodha mmoja, mzee aliyepita miaka sabini, mwenye mashua yake na mjukuu wake wa kumsaidia. Tulipomwamkia, “Shikamoo, mzee,” akaitika, “Marahaba, wanangu. Mwatoka bara?” Tukamwambia, “Twatoka Arusha.” Akacheka, akasema, “Basi vueni viatu. Viatu ni vya bara.”

Siku ya kwanza alituvusha mpaka Chole. Ni kisiwa kidogo, hakina magari, na sauti tulizozisikia ni za watoto, jogoo, na nyundo za mafundi waundao vyombo. Tuliwaona wakichonga mataruma na kutia kalafati penye maungio ya mbao, kama wazee wao walivyofanya. Juu ya miti mikubwa wananing'inia popo wakubwa walao matunda, wa namna ya wale wa visiwa vya Ngazija. Wenyeji huwalinda wasisumbuliwe. Karibu na ufuo yako magofu ya nyumba za mawe, na mizizi ya miti imezikumbatia kuta hata hujui ni kipi kimshikacho mwenzake. Chole ulikuwa mji mkuu wa Mafia. Wajerumani nao waliweka hapa makao ya utawala wao, hata mwaka 1913 wakayahamishia Kilindoni. Hawakukaa sana. Januari 1915 Waingereza wakakitwaa kisiwa cha Mafia, wapate mahali pa kuiwinda manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyokuwa imejificha katika delta ya Rufiji. Nayo ikaangamizwa mwezi wa Julai mwaka ule ule.

Siku ya pili tuliondoka alfajiri, maji yakiwa yamejaa, twende Kua, mji wa kale ulioko kisiwani Juani. Upepo ulikuwa kaskazi, nao ulikuwa nyuma yetu. Mjukuu akapandisha foromali, tanga likajaa, na mashua ikaenda bila kelele ila maji yaliyosema chini ya mbao. Mmoja wetu, ambaye tangu utoto hajaona maji mengi kuliko ya mto Themi, alishika ukingo kwa mikono miwili na kufumba macho. Nahodha hakumcheka. Alisema tu, “Mama, tazama mbali, usitazame chini.” Akafumbua macho, akatazama mbali, na hofu ikapungua.

Kua ni mahali pa kunyamaza. Mibuyu imesimama katikati ya kuta za mawe ya matumbawe na chokaa. Tuliona jumba kubwa walilokaa watawala, na misikiti, na makaburi, na njia ambazo sasa zimeota majani. Katika karne ya 18 mji huu ulisitawi sana. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava wa Madagaska walikuja kwa vyombo vyao, wakaupiga, wakawaua watu, na wengine wakawachukua utumwani. Tangu hapo haukujengwa tena. Tulitembea kwa miguu ya taratibu kama watu waingiao katika nyumba yenye msiba.

Hata tuliporudi ufuoni, lo! bahari ilikuwa imeondoka. Mashua imelala ubavu juu ya mchanga, na maji yako mbali. Tukauliza kwa wasiwasi, “Mzee, tufanyeje?” Akajibu, “Tungoje. Bahari ina saa yake, wala haiulizi saa ya mtu.” Tukaketi kivulini tangu saa nne mpaka saa tisa, na hapo ndipo alipotusimulia habari iliyotufanya tuandike waraka huu.

Alisema: Zamani ulikuwako mji mwingine, Kisimani, huko ncha ya magharibi ya Mafia. Watu wa Kisimani waliunda merikebu, na ilipokwisha wakawaalika watu wa Kua karamuni. Wageni walipokuwa wakila, wenyeji wakawakamata baadhi ya watoto wao, wakawalaza mchangani, wakaishua merikebu juu ya miili yao. Habari zikafika Kua. Watu wa Kua hawakupiga kelele. Walingoja miaka saba au minane, hata wenzao wakadhani yamesahauliwa. Kisha wakawaalika arusini. Wageni walikaribishwa katika chumba kilichokuwa chini ya nyumba, wakapewa chakula na mazungumzo. Wenyeji wakatoka mmoja mmoja, akabaki mzee mmoja tu wa kuwazungumzia wageni. Na huku mlango ulikuwa ukizibwa kwa mawe polepole. Hakutoka mtu, wala yule mzee. Ndipo watu wa Kua walipopeleka neno Kisimani kwamba hesabu yao imekwisha. Haukupita mwezi, bahari ikaumeza mji wa Kisimani.

Hii ni hadithi ya wazee, wala hatuiweki pamoja na mambo yenye tarehe. Lakini ni kweli kwamba magofu mengi ya Kisimani yamechukuliwa na mawimbi. Na Kua wenyewe tulikuwa tumeuona kwa macho yetu, umebaki na mibuyu. Nahodha alipomaliza alitazama maji, akasema, “Miji miwili, wanangu. Hesabu ilikwisha, na wenye hesabu wakaisha.”

Tulinyamaza kitambo kirefu. Baadaye, tulipokuwa peke yetu, tuliulizana ni nani tuliyemfikiria, na kumbe tulimfikiria mtu mmoja: yule mzee aliyebaki chumbani. Aliketi akicheka na wageni, akijua ya kuwa mlango unazibwa, na kwamba yeye pia yumo ndani. Twadhani ndivyo ilivyo kwa kila alipaye kisasi. Sisi tulipopanga mawe yetu pale mferejini tulidhani twamzibia jirani. Kumbe miaka minne tumekaa ndani ya chumba kile kile pamoja naye. Na sala tuisemayo kila usiku mezani yataja madeni na wadeni. Tumeisema miaka minne bila kuisikia.

Saa tisa maji yalirudi, yakaiinua mashua kidogo kidogo, nasi tukapanda. Kurudi si kama kwenda. Sasa kaskazi ilikuwa usoni petu, na mashua haiwezi kuelekea upepo moja kwa moja. Sharti ipige bisha, yaani iende upande huu, kisha tanga ligeuzwe iende upande wa pili, na kila mara huonekana kana kwamba mwaiacha njia. Mawimbi yakarusha maji ndani. Mjukuu akatupa kata, akasema, “Fueni maji!” nasi tukafua kwa zamu, hata yule aliyefumba macho asubuhi. Tuliiona minazi ya Utende karibu, kisha mbali, kisha karibu tena. Tukamwuliza nahodha kama tutafika. Akajibu, “Upepo ukikukataa huugombezi, wauzunguka. Mradi usiache kutazama uendako.” Jua lilipokuwa likitua tulitia nanga Utende, tumelowa maji ya chumvi, na mikono imechubuka.

Tulirudi Arusha tukiwa na nazi sita na mkeka mmoja wa Mafia. Jioni ile tuliyofika, kabla ya kufungua mizigo, tulikwenda mferejini na taa, tukaondoa mawe yetu yote, moja baada ya moja. Yalikuwa mengi kuliko tulivyokumbuka. Asubuhi tukachukua nazi tatu, tukabisha kwa jirani. Alisimama mlangoni kitambo akitutazama, kisha akazipokea, akasema, “Poleni na safari.” Hatukukaribishwa ndani, wala hatukusema habari za maji.

Kama ingekuwa hadithi ya kitabuni, tungewaambia kwamba siku ile ile aliubomoa ukuta wake. Sivyo. Ukuta ungali umesimama, na masika hayajafika. Huenda mwezi wa Machi tukafua maji jikoni kama tulivyoyafua katika mashua. Lakini mawe hatutayarudisha. Asubuhi twaamkiana naye, na juzi mtoto wake alikuja kuomba chumvi, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa muda wa miaka minne.

Ndiyo habari ya safari yetu, ndugu zetu. Mkipata nafasi, nendeni mkaione Chole na popo wake, na Kua na mibuyu yake. Vueni viatu, mtazame mbali. Na maji yakiwaacha juu ya mchanga, msihuzunike: ngojeni, yatarudi kwa saa yake.