Meza Haikukosa Vanishi, Ilikosa Kitambaa

Kikundi cha WhatsApp cha familia yetu kinawaka tangu Jumapili, na chanzo ni duara jeupe lenye upana wa kitako cha sufuria. Dada yangu anayekaa Kianda, Kibera, alichukua meza mpya kwa fundi siku ya Ijumaa. Mbao ni saipresi iliyopakwa rangi ya mahogani, inang'aa mpaka unaweza kuchana nywele ukiitazama. Jumapili wageni wakaja, sufuria ya pilau ikatoka motoni ikatua juu yake, na ilipoinuliwa ikaacha muhuri. Sasa fundi anaitwa mwizi. Shemeji anataka pesa zirudi. Mjomba ametuma ujumbe mrefu wa sauti kuhusu vijana wa siku hizi. Mimi nayasikiliza yote haya ndani ya treni, Hamburg, na hasira ninayo, ila si kwa fundi.

Huku Ujerumani, kununua kopo la vanishi isiyo na rangi ni kama kuomba viza. Muuzaji anakuhoji. Ni meza ya kulia au rafu ya vitabu? Ni mwaloni au msonobari? Nyumbani kuna watoto? Unataka ing'ae, ing'ae kidogo, au isionekane kabisa? Ukipita mtihani huo unapewa kopo lililojaa maandishi madogo. Kipimo cha DIN 68861 kinakuhakikishia kwamba kahawa, bia, divai na maziwa havitaacha alama. DIN 53160 ni ya jasho na mate, kwa sababu kuna Mjerumani aliyekaa chini akafikiria mtoto wako akilamba meza. EN 71-3 ni kipimo cha vitu vya kuchezea watoto. Kisha kuna gramu za viyeyushi zinazoruka hewani kwa kila lita, maana sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2004 inataka ziandikwe. Na kama badala ya vanishi umechukua mafuta ya mbao, mwisho kabisa kuna onyo: matambara yaliyolowa mafuta hayo yasirundikwe, yanaweza kuwaka yenyewe. Na kweli yanaweza. Mafuta hayo hukauka kwa kuvuta oksijeni na kutoa joto, na tambara lililokunjwa huliweka joto hilo ndani.

Kwenye darasa la jioni la useremala, mwalimu wetu, mama wa makamo asiyetabasamu, anatufundisha kupaka mafuta yenye nta. Unapaka kidogo sana, unafuta yote yaliyozidi, unaenda kulala. Kesho yake unapitisha msasa laini, unapiga mkono wa pili, unaenda kulala tena. Halafu meza inakaa siku kadhaa bila kumwagiwa hata tone la maji. Baada ya subira yote hiyo, mbao inaonekana kama haijapakwa kitu! Wenyeji wanaipapasa kwa mahaba na wanailipia bei ya kutisha. Ipeleke kwetu Kawangware, Mama atakuuliza kwa upole kama uliishiwa na pesa za kumalizia.

Lakini hebu tumweke yule mwalimu kando ya Kibera Drive, tuone. Fundi wetu chumba chake cha kupulizia ni anga. Ana msasa, ana sila ya kuziba vinyweleo vya mbao, ana laka ya nitroselulosi iliyozimuliwa kwa thina. Akipuliza, viyeyushi vinaruka, na baada ya dakika chache uso umekauka kiasi cha kuguswa. Anahitaji kasi hiyo. Matatu inapita, vumbi linaifuata. Kuku wa jirani wanazurura. Wingu linajikusanya upande wa Ngong. Mafuta ya Hamburg, yanayotaka usiku mzima, yangempa asubuhi meza yenye manyoya. Na yale matambara angeyaanika wapi? Kibanda ni cha mabati, maranda yamejaa sakafuni, na ukuta wake ndio ukuta wa nyumba ya mtu. Kibera inaujua moto vya kutosha.

Laka hiyo ina udhaifu, na fundi yeyote anaujua. Haipendi joto, na joto likija pamoja na mvuke inapauka. Hata ikipulizwa siku ya mvua inaweza kupauka kabla mteja hajaiona. Ila ina huruma pia. Laka mpya huyeyusha ile ya zamani na kushikana nayo, kwa hiyo alama kama ile ya dada mara nyingi huondoka kwa kupulizwa upya, bila vita. Ile poliurethani ambayo shemeji ameisoma kwenye intaneti ni ngumu kweli na inastahimili joto zaidi, lakini ikikwaruzika utaisugua sana kabla haijakubali mkono mwingine.

Watu wa Pwani nao walipaka vyombo vyao sifa, mafuta ya ini la papa, na hakuna aliyetaka jahazi ling'ae, walitaka lisioze. Hoja hiyo nilianza kuiandika kikundini nikaiacha. Harufu ya mafuta yale ingevunja ndoa ya dada.

Kinachoniudhi hasa ni hiki. Mama alikuwa na meza ya laka hiyo hiyo Kawangware, utoto wetu wote, na duara jeupe hatukuwahi kuliona. Mnajua kwa nini. Vitambaa! Kwenye meza, kwenye migongo ya makochi, juu ya redio, juu ya televisheni. Juu ya kitambaa sahani, juu ya sahani kikombe, na ole wako ukikisogeza. Tulimcheka. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa akiimalizia kazi ya fundi: fundi alileta mng'aro, Mama akaleta kinga. Sisi tumeona picha za sebule za Ulaya kwenye simu, tukatupa vitambaa kwa kuwa ni ushamba, halafu tukaagiza laka ile ile kwa bei ile ile. Dada alitoa nusu ya pesa Jumatano akaitaka meza Ijumaa, ilhali hata laka inayokauka upesi huhitaji siku kadhaa kukomaa.

Na msidhani Wajerumani wameokoka. Jirani yangu ana meza ya mwaloni iliyopita vipimo vyote hivyo, na ukiweka glasi juu yake bila kisahani chini yake anakutazama mpaka unainyanyua.

Basi dada, na wewe unayesoma ukiwa umeshaagiza meza ya Desemba: mwambie fundi itafanya kazi gani kabla hajashika randa. Muulize atapaka nini. Kama ni ya kuwekea vyakula vya moto, omba poliurethani, na ulipie siku za ziada, mahali pa kuikaushia pasipo na vumbi, na barakoa ya kumkinga fundi anapopuliza. Kama hutaki kulipia hayo, weka kitambaa na ukae kimya. Na vyovyote itakavyokuwa, salio la fundi lilipwe leo.