Ngoma Isiyo na Nambari

Wahenga walinena kuwa mwacha mila ni mtumwa. Kijana mmoja wa mjini Meru aliukumbuka usemi huo usiku alipoinamia tarakilishi kuukuu iliyotupwa na ofisi fulani, akiutafuta muziki wa Doom, mchezo wa DOS wa mwaka 1993. Ndani ya mashine mlikuwa na kadi ya sauti iitwayo Sound Blaster 16, toleo la mwaka 1992. Milio ya bunduki ilisikika barabara. Muziki ulikuwa kimya kama maji mtungini.

Kando yake aliketi babu yake, mzaliwa wa Chuka, ambaye ujanani aliipiga ile ngoma ndefu ibanwayo mapajani, iliyowapa Wachuka sifa nchini.

"Mjukuu wangu, mbona wapigaji hawaji?"

"Hakuna wapigaji, babu. MIDI haibebi sauti. Hubeba maagizo tu: noti ipi ipigwe, kwa nguvu gani, ianze na kukoma lini. Anayepiga ni kadi."

Swali la mzee lilimfumbua macho. Alikuwa amechagua General MIDI kwenye anwani 330. Maagizo yalifika huko salama, ila hapakuwa na wa kuyapiga. Kadi ile huhitaji kadi ndogo ipachikwe juu yake, au ala ya nje iunganishwe kwa kebo. Lilikuwa shairi lililopelekwa kwenye nyumba isiyo na mghani. Alirudi kwenye programu ya kuuandaa mchezo, akachagua Sound Blaster upande wa muziki pia, ili chipu iliyomo katika kadi yenyewe iziigize ala. Muziki ukaja, mwembamba, wenye mlio wa bati, lakini ukaja.

Babu alisikiliza kwa makini. "Na ngoma yetu imo?"

Kijana aliifungua orodha ya General MIDI, mwafaka wa mwaka 1991 unaozipa sauti 128 nambari zake. Nambari 109 ni kalimba, jamaa ya marimba ya Wagogo. Katika orodha ya midundo, yenye sauti 47, zimo bongo na konga za Kuba. Ngoma ya Chuka haimo.

Mzee hakulalamika. Aligonga meza kwa vidole vilivyokakamaa, mapigo machache, kisha akaacha kwa maumivu.

Orodha si msahafu, na kijana alilijua hilo. Kadi ya AWE32 ya mwaka 1994 humwezesha mtumiaji kupakia sauti alizozirekodi mwenyewe, nazo zikayaitikia maagizo yaleyale ya MIDI. Hakuwa nayo. Hata hivyo, asubuhi hakwenda kuisaka madukani. Alipanda matatu pamoja na babu hadi Chuka, wakaazima ngoma kwa jamaa, akaitega simu yake irekodi. Mzee alipiga pigo mojamoja, zito na jepesi, akipumzika kati ya moja na jingine, huku akieleza jina na kazi ya kila pigo.

Kadi ya zamani ingeweza kungoja miaka mingine kumi. Mikono ile haikuwa na miaka ya kungoja. Mila haiachwi na mwenye kuidharau pekee. Huachwa pia na aipendaye, anayesubiri mpaka vifaa vikamilike.